Ndizi Sita Ndani ya Difu

Jumamosi, 5 Oktoba

Daftari jipya. Nimelinunua kwa sababu mtu mwenye akili kama zangu asipoandika, watakaokuja watapata hasara. Gulshada, mke wangu, alisema nianze kwa kuandika chumvi na sabuni, maana hivyo ndivyo vitu ninavyosahau kila siku. Watu wakubwa hawakueleweka na wake zao.

Asubuhi, stendi ya malori hapa Mansehra. Nimekaa kwenye kitanda cha kamba mbele ya hoteli, chai mkononi, nalitazama lori langu. Hakuna zuri kama lile kuanzia hapa hadi mpaka wa Uchina. Mwezi uliopita lilikaa kwa mchoraji siku ishirini. Ubavuni simba wawili na bibi harusi. Juu taji la mbao lenye vioo. Chini minyororo ya njuga, nikipita vijiji vyote vinajua. Lakini kazi yenyewe iko nyuma, chini kabisa. Lile boga la chuma lililo katikati ya ekseli, yaani difu, ambalo madereva wengine huliacha na matope yake, mimi nimelichorea jicho. Jicho kubwa, jeupe, lenye wanja na kope. Na juu ya boga, ua la bati linalong'aa, limepakwa lami kwa chini ili maji yasipenye, kisha likapigiliwa. Anayenifuata barabarani ananitazama, nami namtazama.

Akaja Sabz Ali. Huyu lori lake linaegeshwa jirani na langu, na kwa miaka tisa hajawahi kuniona nikifurahi akanyamaza. Alichuchumaa nyuma ya lori langu, akainama, akainuka. Akasema kwa sauti iliyofika hadi jikoni, "Jehandad, ndugu yangu, jicho lako linalia."

Hoteli nzima ikacheka. Nikasema ni maji ya kuoshea. Akachovya kidole, akanusa, akasema basi leo umeliosha kwa oili.

Kweli. Tone chini ya difu. Jeusi, nene. Nilipolitazama likaja la pili.

Hili si jambo dogo. Nusu ya lori hili si yangu. Ni ya Haji Mutabar, kaka mkubwa wa Gulshada, mwenye duka la saruji kule Haripur. Ijumaa ijayo anakuja kulikagua kabla ya msimu wa kuteremsha viazi kutoka Batakundi. Alishanionya mwaka jana, mbele ya watoto: lori linalovuja ni lori ambalo mwenyewe amelala, na siku atakayokuta tone moja ataliuza, nami nitakwenda dukani kwake kubeba mifuko ya saruji mpaka nizeeke.

Mimi na saruji. Chini ya Haji Mutabar. Kila siku.

Nimeweka kopo chini ya difu na kulifunika kwa gunia. Kwa leo inatosha.

Jumapili, 6 Oktoba

Kopo limejaa robo. Nimekwenda kwa Ustadh Nadir. Kwetu kila anayeshika spana vizuri huitwa Ustadh, ila huyu anaishika vizuri kweli, na anajua hivyo, na hapo ndipo tatizo lilipo.

Aliingia chini ya lori, akafungua propela, lile bomba linalozungusha magurudumu ya nyuma, akatoa ile sili ya mpira inayozuia oili isitoke pale propela inapoingia kwenye difu. Akaishika kwenye mwanga. Akasema sili hii haina ubaya, ni ya mwaka jana tu. Nikamwambia anibadilishie hivyo hivyo. Akabadilisha, akajaza oili, akafunga. Nikaenda Balakot na mzigo wa matofali, nikarudi. Inavuja! Na sasa kwenye gurudumu la kushoto pia.

Nikamrudia nimefura. Hakushtuka. Aliweka kiganja juu ya difu, akauliza tundu la kupumulia liko wapi. Nikamuuliza tundu la nini. Akasema difu ikipata moto hewa ya ndani inatanuka, na juu yake kuna kitundu cha kuitolea hewa hiyo. Kitundu kikizibwa, hewa inaisukuma oili, na oili inatoka popote panapolegea. Akasema hata nikibadilisha sili mia, difu isiyopumua itavuja tu. Kisha akanyoosha kidole kwenye ua langu la bati.

"Kitundu kiko hapo chini," alisema. "Ng'oa hicho kibati, kwarua hiyo lami, kunywa chai, nenda nyumbani."

Kibati! Siku mbili mchoraji alikaa na ua lile, petali kumi na sita. Nimemwambia Ustadh kwamba nimeona punda wakipumua, nimeona binadamu wakipumua, lakini chuma, hapana. Na kwamba wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimeziba. Kosa liko wapi?

Akasema haya, siku nitakapouhitaji ukuta nitamkuta hapo hapo. Akaenda kunawa mikono.

Wivu. Mafundi hawapendi vitu vizuri, vinawachafulia kazi.

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimefikiri usiku kucha, yaani mpaka saa tatu. Jibu limekuja. Ni husuda. Kitu chochote kizuri kikitazamwa sana kinadhurika, na nani amelitazama jicho langu kuliko Sabz Ali?

Dawa ya husuda kila dereva anaijua: kiatu kikuukuu kitundikwe nyuma ya lori. Changu kipya, siwezi. Nimepekua sanduku la juu la kabati, nimepata kiatu kimoja cha ngozi, cha kiume, kipana, kimechoka vizuri. Hakuna anayekivaa. Nimekitundika chini ya bampa kwa kamba nyeusi. Nimefukiza na mbegu za kufukuzia husuda, nimezunguka lori mara tatu. Moshi ukanipalia. Sabz Ali akauliza kama lori linasafiri au linazikwa.

Mchana limevuja kuliko jana.

Basi nikabadilisha mbinu. Nikamnunulia Sabz Ali chai, nikamuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari za hali ya hewa, eti marehemu baba yake, aliyeendesha lori miaka arobaini, difu ikivuja alikuwa akifanyaje. Sabz Ali akapuliza chai yake. Akasema baba yake hakuwa na haja ya mafundi. Alikuwa akisaga ndizi mbili pamoja na unga wa mbao, anazitia ndani ya difu, oili inakuwa nzito kama uji, haivuji tena. Uso wake haukucheka hata kidogo.

Mimi si mtoto. Sabz Ali anataka nishindwe. Mtu anayetaka ushindwe hakupi dawa nzima, anakupa nusu. Kasema mbili. Kwa hiyo nimetia sita.

Kazi yenyewe imekuwa ngumu. Nimeponda ndizi na unga wa mbao kwenye kinu cha Gulshada cha viungo, yeye akiwa kwa jirani. Difu ilikuwa imejaa oili, uji hauingii. Ikabidi nitoe oili karibu galoni nzima, nikaihifadhi kwenye dumu. Kisha nimeusukumiza uji ndani kwa kidole gumba, tonge moja moja, kama kumlisha mgonjwa. Nimefunga. Nimefuta. Nimebusu lile jicho kidogo, hakuna aliyeona.

Jioni Gulshada ameuliza kwa nini chatini ya mnanaa inanuka gereji. Nimesema mnanaa wa mwaka huu ndivyo ulivyo.

Jumanne, 8 Oktoba

Bado matone. Machache, lakini yapo. Haji Mutabar amempigia simu Gulshada, si mimi, kumkumbusha kuwa atafika Ijumaa baada ya sala na kwamba atakuja na kitambaa cheupe. Gulshada ameniuliza mbele yake kwenye simu kama lori liko sawa. Nimesema kwa sauti ya kusikika hadi Haripur kwamba liko kama lilivyozaliwa.

Nikawaza. Haji anachoogopa si tone. Ni aibu ya kwamba mali yake ndiyo inayovuja peke yake. Kama kila lori stendini linavuja, basi kuvuja si uzembe, ni mwaka mbaya. Na mimi nina dumu la oili.

Adhuhuri, wote wamekwenda msikitini. Nikabaki nyuma kwa kisingizio cha tumbo. Nikamwaga nusu ya dumu chini ya difu ya lori la Sabz Ali. Kwa ufundi. Michirizi, matone, dimbwi dogo. Nyingine nikaipaka kwenye difu yenyewe kwa brashi ili ionekane inatokea pale. Mchoraji wangu mwenyewe angenisifu. Nikarudi kwenye kitanda cha kamba, nikalala kifudifudi nikishika tumbo.

Wakarudi. Nikasubiri. Sabz Ali akaliona dimbwi. Rangi ikamtoka. Akaingia chini, akatoka, akaliwasha lori, akalipeleka moja kwa moja kwa Ustadh Nadir.

Nimekula sahani mbili za wali. Tumbo limepona.

Jumatano, 9 Oktoba

Sitaki kuandika ya leo. Naandika kwa ajili ya ukweli tu.

Asubuhi Sabz Ali ameingia stendini na sinia la jalebi, anamgawia kila mtu, macho yamelowa. Ustadh Nadir aliifungua difu yake yote kutafuta oili inatokea wapi. Hakuna mahali. Difu nzima, sili nzima, kitundu cha kupumulia kiko wazi. Lakini alipokuwa chini pale, akaona boliti mbili za propela zimelegea, ya tatu haipo kabisa. Ustadh alisema safari moja tu ya kushuka kutoka Batakundi na mzigo, propela ingekatika, na lori lingekwenda kunywa maji mto Kunhar pamoja na mwenyewe.

Sabz Ali anasema oili ile ni ishara kutoka kwa Mola. Haikutoka lorini. Ilishushwa. Imamu naye ametikisa kichwa polepole, akasema wema wa mtu haupotei. Watu wamekwenda kuliangalia lile dimbwi. Mzee mmoja amechovya kidole na kujipaka kipajini.

Oili yangu! Dumu langu!

Akanijia mimi pia na sinia. Akanikumbatia. Akasema, "Jehandad, miaka tisa nakutania. Nisamehe. Jana ningekufa na utani wangu." Nikasema si kitu. Nikachukua jalebi mbili. Zilikuwa tamu kupita kiasi.

Halafu, kwa kuwa sasa ni mtu mwema, akaniambia ukweli: hadithi ya ndizi ilikuwa mzaha, baba yake hakuwahi kutia ndizi mahali popote isipokuwa mdomoni. Akaniomba niende kwa Ustadh nikang'oe lile ua.

Nimegundua kitu. Mtu akikuambia dawa, kisha akakuambia si dawa, maana yake dawa imeanza kufanya kazi.

Mchana nimepeleka mbao Balakot na kurudi. Nilipofika nimelaza gazeti chini ya difu. Matone matatu, hayo tu. Yanapungua.

Alhamisi, 10 Oktoba

Kavu!

Nimeamka, nimekwenda mbio, nimevuta gazeti. Kavu kama mdomo wa mfungaji. Nimepeleka kokoto, kilomita thelathini kwenda, thelathini kurudi. Nimelaza gazeti jingine. Kavu. Nimepitisha kidole kwenye sili, kwenye magurudumu, chini ya boga. Vumbi tu.

Nimezunguka stendi nzima nikionyesha gazeti. Wengine walidhani kuna habari. Nimemwonyesha hata Ustadh Nadir, kwa heshima, bila kumcheka sana. Alisoma upande mmoja, akageuza, akasoma wa pili. Akauliza tangu Jumatatu nimeongeza oili kiasi gani. Nikasema sijaongeza. Akauliza Jumatatu nilitoa kiasi gani. Nikasema siri ya kazi. Akauliza kama nimewahi kuona ng'ombe asiye na maziwa akichuruzika.

Sijui anaongea nini. Mtu ajaze oili kwenye kitu kisichovuja? Hiyo ni kama kumpa dawa aliyepona. Nimemwambia chuo chake kimefungwa.

Akashika bega langu na mkono wake mchafu, kwenye shati la kijivu safi, akasema, "Jehandad, mwanangu, ongeza oili. Lita nne. Nitakupa mimi, usilipe." Nikaona anavyohangaika kutaka jina lake liwemo kwenye ushindi wangu. Nikakataa kwa adabu.

Nyumbani Gulshada ananyoosha kanzu atakayobadilisha Haji kesho. Ameuliza kama kweli limepona. Nikamwonyesha gazeti. Amelitazama muda mrefu, kisha akasema, "Baba Zarka, oili iliyokuwamo imekwenda wapi?" Wanawake hawana elimu ya magari.

Ijumaa, 11 Oktoba

Siku yangu.

Haji Mutabar amefika baada ya sala, ndevu nyekundu kwa hina, kitambaa cheupe mkononi kama alivyoahidi. Hakusalimia lori, hakusifu simba. Amekwenda nyuma moja kwa moja. Akaona kiatu kimetundikwa kwenye bampa. Akakishika. Akakigeuza.

Kiatu kilikuwa chake. Alikisahau kwetu siku ya harusi ya binti yetu Zarka, miaka miwili iliyopita, akarudi Haripur amevaa kimoja na kandambili moja. Nilimwambia nimekitundika hapo kwa mapenzi, ili baraka zake zisafiri na mimi. Akasema anaelewa kwamba viatu hutundikwa vile vya watu wenye sura mbaya ili kumkimbiza shetani. Gulshada akaanza kukohoa ndani ya shela yake.

Lakini kitambaa! Alijikunja chini, na umri ule, akapitisha kitambaa kwenye sili, magurudumu, boga lote, mpaka kwenye kope za jicho. Akakitoa. Cheupe. Vumbi kidogo pembeni. Akakitazama kama mtu aliyenyang'anywa kitu. Akaniita shemeji, jambo ambalo hajafanya tangu nilipooa. Akasema pengine amenikosea. Akasema kesho tupande wote Batakundi kuchukua viazi vya kwanza, na tukirudi salama atampigia mwandishi wa hati, nusu yake aniachie mimi.

Lori zima. Langu.

Ustadh Nadir alikuja na galoni ya oili mkononi, mbele ya Haji, akasema angependa kuangalia kitu kimoja kidogo kabla hatujaondoka. Nilimshukuru na kumwambia tumechelewa. Tulikuwa tunaondoka kesho yake.

Jumamosi, 12 Oktoba

Naandika kwenye benchi la hoteli ya kando ya barabara, juu ya Kaghan.

Tuliondoka alfajiri. Mimi usukani, Haji katikati, Gulshada dirishani, maana alisema hili lazima alione. Mpaka Balakot raha tupu. Baada ya Balakot, barabara inapanda, sauti ikaanza nyuma. Nyembamba, ndefu, kama mbu. Haji akauliza ni nini. Nikasema difu mpya zote huimba. Akasema difu hii ina umri wa kumzidi mkwe wangu. Nikaongeza muziki.

Sauti ikapanda juu ya muziki. Nikaongeza tena. Ikapanda tena. Watu waliosimama kando ya barabara walikuwa wanaziba masikio.

Kisha harufu. Tamu, nzito, ya kitu kinachokaangwa. Haji alinusa, akasema kuna mtu karibu anapika halua. Gulshada akasema si halua, ni ndizi. Akasema polepole, kama anayesoma hesabu, kwamba Jumatatu alinunua ndizi sita, akazikuta hazipo, na kinu kilikuwa na unga wa mbao. Haji akageuka akanitazama. Nilikuwa naangalia barabara, kona zilikuwa nyingi.

Ikalia mara moja. Kah! Magurudumu ya nyuma yakafunga kama mtu aliyekaa chini na kukataa kuinuka. Tukasimama katikati ya mlima, mto ukinguruma chini, moshi ukipanda taratibu kutoka kwenye jicho langu.

Haji alishuka, akaketi juu ya jiwe, akawa anavuta tasbihi haraka haraka.

Baada ya saa moja ikasikika honi. Nani kama si Sabz Ali, anakwenda kuchukua viazi vyake, na pembeni yake Ustadh Nadir. Sabz Ali alisema Ustadh ndiye aliyemwomba lifti tangu alfajiri, akisema atashuka mahali fulani njiani, bado hajajua wapi ila atasikia. Wameleta mnyororo, wameleta galoni, wameleta hata mikate.

Ustadh akaingia chini na patasi. Akaling'oa ua langu kwa mapigo manne. Akakwarua lami. Difu ikatoa pumzi ndefu, puuu, kama mzee anayeketi baada ya kupanda ngazi. Haji mwenyewe aliisikia. Kisha Ustadh akafungua kizibo cha chini na kuweka kopo. Haikutoka oili. Ikatoka kitu cheusi, kidogo, kama jamu iliyoungua, na jino moja la gia.

Alikiinua kile kijino akanipa. Hakusema nilikuambia. Ningependelea aseme.

Haji alisimama, akajipangusa kanzu. Nilijua kinachokuja. Nikaanza kuuona mfuko wa kwanza wa saruji. Akasema ahadi ni ahadi, alisema nusu yake ataiacha, na ataiacha. Nikanyoosha mkono nimshukuru. Akasema, "Gulshada, dada yangu, chukua. Kuanzia leo nusu ni yako. Yeye ni dereva wako."

Gulshada hakuwaza hata kidogo. Alisema amekubali. Kisha akaniuliza, mbele ya wote, kama nina leseni.

Alhamisi, 24 Oktoba

Lori limerudi barabarani. Difu ya mitumba, isiyo na rangi, isiyo na ua. Kitundu kiko wazi. Gulshada amekipitia mwenyewe kwa kidole, na kila jioni anamuuliza Ustadh Nadir kwa simu. Wameelewana wale. Mimi nasikia upande mmoja tu wa mazungumzo, na ni upande wa kucheka.

Masharti yake ni haya. Kosa moja zaidi, lori litauzwa na mimi nitapelekwa Haripur, ambako Haji tayari amenitengea kofia ya kuzuia vumbi la saruji. Nimeapa. Aliniambia nirudie maneno yake: sitaweka urembo wowote juu ya difu. Nimerudia. Na nitalitii neno hili hadi kaburini.

Jumatatu nimepita kwa mchoraji kumsalimia tu. Akanionyesha tausi. Wa bati, mkia umefunguka, manyoya sabini na mawili, kila nyoya na kioo chake. Mteja aliyemwagiza hakurudi. Upana wake unalingana kabisa na mbele ya lori langu, pale kwenye rejeta inayopoza injini, huku mwisho hadi huku mwisho, haupiti hata upepo. Nilisimama pale nikakumbuka kiapo changu neno kwa neno. Rejeta haikutajwa.

Uzuri wake, sasa akiwa amefungwa pale, siwezi kuueleza. Jua likimpiga, magari yanayonijia yanapisha yenyewe. Sabz Ali, ambaye siku hizi ni mcha Mungu na hatanii tena, alimtazama, akafumba macho, akaniombea dua.

Jana narudi kutoka Balakot, karibu na kufika stendi, mshale wa joto ulipanda hadi kwenye nyekundu. Mvuke kidogo, pembeni. Ustadh Nadir alipita na baiskeli, akapunguza mwendo, akauliza rejeta inapata hewa wapi. Nimemwambia rejeta ina maji, hewa ya nini? Alikanyaga pedali akaenda, na nadhani alikuwa anatafuta namba kwenye simu yake.

Nisipoteze muda. Maji yanapungua, maana yake kuna mahali yanapita, na mimi najua yai likipata moto huganda na kuziba. Nimenunua trei nzima. Asubuhi hii Gulshada amenikuta nayo jikoni, akauliza mayai thelathini ni ya nini. Nikasema nataka kumpikia yeye chai ya asubuhi, kwa mkono wangu, nimtake radhi. Alikaa chini. Machozi yalimlenga. Alisema labda kweli nimebadilika. Nikasema nimebadilika sana. Nimemkaangia mawili, na ishirini na nane nimekwenda nayo stendi.